Isra na Miraji: Safari ya Usiku na Athari Yake Pwani Yetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zetu katika imani, vijana wametuomba tuzungumzie Isra na Miraji, ingawa tumo katika Ramadhani na wengi wetu tumezoea kuyasikia haya mwezi wa Rajabu. Hapana kosa. Ibn Saad, mwanahistoria wa karne ya 3 ya Hijria, amenakili riwaya isemayo kuwa Miraji ilitokea usiku wa tarehe 17 Ramadhani, miezi 18 kabla ya Hijra. Wengine wametaja Rabiul-Awwal, na wengine tarehe 27 Rajabu, ambayo ndiyo iliyoenea pwani ya Afrika Mashariki. Wanazuoni hawakuafikiana juu ya siku wala mwaka.

Tunalitaja hili kwa makusudi. Rajabu iliyopita, hapa hapa Wetherill Park, ndugu wawili waliokuwa wakifuturu sahani moja waliacha kusalimiana kwa sababu ya usiku huo: mmoja ataka Miraji isomwe kama kwao, mwenziwe asema ni bidaa. Mjadala huu si mgeni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwakosoa Waislamu wa pwani kwa baadhi ya mila zao, na walikuwapo waliompinga. Sisi twaona kuwa usiku wenyewe haukuwekewa ibada maalumu, wala kukaa kusikiliza sira ya Mtume si dhambi. Kosa ni kukatana undugu.

Turudi Makka. Isra ni mwendo wa usiku kutoka Msikiti Mtukufu hadi Msikiti wa Aqsa, nao umetajwa katika aya ya kwanza ya Surat al-Isra. Miraji ni kupaa kutoka hapo hadi mbinguni. Asili ya neno ni ngazi. Habari zake kwa urefu zimo katika hadithi za Bukhari na Muslim. Watungaji wengi wa sira huliweka tukio hili baada ya kufariki Bi Khadija na Abu Talib, na baada ya Mtume kupigwa mawe Taif. Alikuwa amefiwa na mke, amefiwa na ami aliyemkinga, na mji wa pili umemfukuza. Ndipo akaitwa.

Asubuhi alipowasimulia, Makureshi walicheka. Misafara yao ilikwenda Shamu kwa wiki nyingi, naye asema alikwenda na kurudi usiku mmoja! Wakamtaka aisifu Baitul-Maqdis, akaisifu. Walipomwendea Abu Bakr wakidhani watamtikisa, alijibu kuwa ikiwa Mtume kasema, basi ni kweli. Jina la Siddiq hunasibishwa na siku hiyo. Zipo riwaya kuwa safari ilikuwa ya roho tu, lakini jumhuri ya wanazuoni wamesema ni ya roho na mwili. Na hoja yao ina nguvu: nani angebishana na mtu kwa ndoto aliyoiota?

Huko juu ndiko zilikofaradhishwa sala. Zilikuwa 50, na kwa nasaha za Nabii Musa Mtume alirejea kwa Mola wake mara kadhaa hata zikabaki 5, kwa malipo ya 50.

Wazee wetu wa pwani waliipokea habari hii wakaifanya yao. Ilisomwa misikitini kwa Kiarabu, ikatungiwa tendi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na watoto wakaitwa Rajabu na Miraji. (Si kila kilichomo katika tendi hizo kina sanadi sahihi, mtunzi naye alikuwa na haki ya kupamba.) Kwa kuwa Makka iko kaskazini ya Lamu, Mombasa na Unguja, katika Kiswahili chetu kibla likawa pia jina la kaskazini. Na Baitul-Maqdis, kibla cha kwanza, iko upande huo huo, ikielekea magharibi kidogo. Mzee wa Lamu aliposimama kusali, alikuwa akiielekea karibu misikiti yote miwili ya safari ile.

Hapa Sydney kibla ni magharibi. Kijana mmoja afanyaye kazi ya zamu katika mojawapo ya maghala ya mtaa huu alituuliza kama zamu ya usiku yamruhusu kuziacha sala, azilipe zote mwishoni mwa wiki. Tulimwambia hapana. Anayesafiri na mgonjwa wana ruhusa zao za kukusanya, na hata mwenye dhiki ya kazi aje tumsikilize hali yake, lakini kuziacha hapana. Akauliza tena kwa nini sala ikazwe hivyo. Tukamsimulia habari ya usiku ule: amri nyingine Jibrili aliteremka nazo, bali hii Mtume alipandishwa kuipokea. Alinyamaza, kisha akaomba tumwoneshe kibla kutoka mlango wa ghala lao.

Isha imeingia. Tunyooshe safu, na wale ndugu wawili, kama wamo, wasimame bega kwa bega.