Kitufe Ubavuni mwa Kalamu ya Kompyuta

Katika Kata ya Suguti, Musoma, na kwa majirani zake wa Bunda na Butiama, kama ilivyo kote nchini Tanzania, mwananchi anayejiandikisha kwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), iliyoanzishwa mwaka 2008, huchukuliwa alama za vidole, picha na saini ya kielektroniki, yaani saini inayoandikwa juu ya kibao kinachonasa mwendo wa mkono na kuuhifadhi kama data. Kalamu ya kazi hiyo haihitaji kitufe, kwa kuwa mwenye kutia saini huandika tu, bila kuiamuru mashine kitu kingine.

Haja ya kitufe ilitokana na kazi nyingine. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha programu ya Sketchpad, ambamo mchoraji aligusa kioo kwa kalamu ya mwanga, yaani kalamu inayotambua nuru ya kioo, huku mkono wake wa pili ukibonyeza vitufe vilivyopangwa kando ili kuamuru mstari uchorwe au ufutwe. Mwaka uliofuata shirika la RAND lilitoa kibao ambacho kalamu yake ilikuwa na swichi kwenye ncha, iliyojifunga kalamu ilipokandamizwa, hivyo mashine ikatofautisha kuelekeza na kuandika.

Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ilieneza kalamu isiyo na waya wala betri: kibao hutoa uga wa sumaku, koili ndani ya kalamu huurudisha, na katika miundo mingi kubonyeza kitufe cha ubavuni hubadili masafa ya mrejesho huo, nacho kibao kikaitambua amri. Kompyuta za kibao za Windows, zilizoingia sokoni mwaka 2002, zilikipa kitufe hicho kazi ya kitufe cha kulia cha kipanya, na Samsung ikakiweka kwenye kalamu ya simu ya Galaxy Note mwaka 2011. Apple, kwa upande wake, ilitoa kalamu isiyo na kitufe mwaka 2015, lakini mwaka 2018 ikaongeza uwezo wa kugongwa mara mbili kwa kidole ili mchoraji abadilishe zana.

Historia hiyo yadokeza kuwa kitufe kilihamia kwenye kalamu ili kuuachia huru mkono wa pili. Kwa hiyo shule au ofisi inayonunua kalamu hizi ianze kwa kuuliza mtumiaji ataandika tu, au atachora na kuamuru.