Bastola ya bei ya chini ao ya bei ya juu: majeshi yanachagua namna gani, na nani analipa?

Uliza motari yeyote wa Bukavu, Butembo ao Bunia: bei ya moto haiishie pale dukani. Mtu ananunua moto ya bei ya chini, anafurahi. Kiisha miezi tatu anatafuta vipande vya kubadilisha, hapati. Ao breki inamuangusha kwenye mteremko. Ile falanga alifikiri ameponyesha siku ya kwanza, anailipa mara mbili.

Hesabu hiyo hiyo inafanywa na majeshi na polisi wakati wa kununua bastola, ile wengi kwetu wanaita pistole. Huku Mashariki tunaona silaha kila siku, lakini ni mara chache tunajua zinanunuliwa namna gani, zinapimwa na nani, na nani anajibu kama ziko na kosa. Katika ukurasa huu tunachukua mfano wa Marekani. Hatusemi kama wao wanafanya vizuri kupita wote. Lakini kule mapatano ya serikali yanachunguzwa mbele ya watu, na raia anaweza kusoma bei.

Bastola hizi zinatumika namna gani?

Hapa tunazungumuzia bastola inayojipakia yenyewe. Kila mara kidole kinavuta kifyatuo, risasi moja inatoka. Nguvu ya risasi ile inasukuma chuma cha juu kirudi nyuma; ganda tupu linarushwa inje, na chuma kikirudi mbele kinaingiza risasi ingine kutoka kwenye kasha la masasi, ile askari wanaita sharjeri.

Kazi ni ile ile kwa bastola zote, lakini namna ya kuifanya ndiyo inapandisha ao kushusha bei. Kwa bastola za bei ya chini sana, kinachozuia nguvu ya risasi ni uzito wa kile chuma cha juu tu. Ni rahisi kutengeneza, lakini silaha inakuwa nzito na nene. Mfano ni zile za Hi-Point, zinatengenezwa Ohio, Marekani: chuma cha juu ni mchanganyiko wa zinki uliomiminwa katika umbo, na kwa miaka mingi ziliuzishwa chini ya dola 200.

Bastola za bei ya juu kidogo, kama Glock, SIG Sauer ao Beretta, ziko na kufuli la ndani: mtutu na chuma cha juu vinashikana kwanza mpaka nguvu ipungue, kiisha vinaachana. Mmarekani John Browning ndiye alisambaza sana ufundi huo. Alikufa mwaka 1926 huko Liège, Ubelgiji, akiwa katika kazi kwa kiwanda cha FN. Kazi yake ya mwisho ilimaliziwa na Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935 kama bastola ya FN GP35. Wazee wa kwetu waliopita jeshini wanaijua vizuri.

1985: tofauti ya dola mbili

Jeshi la Marekani lilikuwa na bastola ya Colt, M1911, tangu mwaka 1911. Miaka ya 1980 ilipoanza, zile zilizobaki zilikuwa za zamani sana. Serikali haikununua zingine tangu mwisho wa vita ya pili ya dunia. Basi wakaita viwanda vilete bastola mpya. Viwanda vingi vilileta. Katika majaribio ya 1984, mbili tu zilipita mpaka mwisho: Beretta 92 ya Italia na SIG Sauer P226.

Sasa ikabaki bei. SIG Sauer iliomba dola 176.33 kwa bastola moja. Beretta iliomba dola 178.50. Ungekuwa wewe, ungechukua gani? Mtu anayeangalia bastola peke yake angechukua SIG. Lakini jeshi halinunui bastola peke yake. Linanunua pia makasha ya masasi na vipande vya kubadilisha kwa miaka mingi. Walipojumlisha yote, Beretta ikawa chini kwa dola karibu milioni 3. Mwezi wa nne 1985, Beretta ilipata kazi ya kutengeneza bastola zaidi ya 305,000, kwa dola karibu milioni 75. Bastola ile ikapewa jina M9.

Huo ni ujuzi wa kwanza: ile iliyokuwa ya bei ya juu kwa kipande kimoja, ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kwa jumla.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Kuanzia 1987, chuma cha juu cha M9 kadhaa kilivunjika katikati ya kupiga. Sehemu ya nyuma iliruka ikarudi kwa uso wa aliyekuwa anapiga. Kuna askari wa kikosi maalum cha jeshi la majini walioumizwa hivyo. Mabishano yakawa marefu. Wengine walisema chuma ni kibaya, wengine wakasema masasi yaliyotumika yalikuwa na nguvu ya kupita kipimo. Mwishoni Beretta iliongeza kichwa kikubwa kwenye pini moja ya ndani, ili hata chuma kikivunjika kisiruke kwa uso wa mtu. Kipande kidogo sana, lakini kilihitaji damu ya watu mbele kifikiriwe.

Bastola ya plastiki: wakati Glock ilikuwa ya bei ya chini

Leo mtu akisema Glock, watu wanafikiri kitu cha bei. Haikuanza hivyo. Gaston Glock, wa Austria, alikuwa fundi wa vitu vingine: visu, vyuma vya kutundikia mapazia. Jeshi la Austria lilipotafuta bastola mpya, alileta yake, na mwaka 1982 ikachaguliwa mbele ya viwanda vyenye jina la zamani. Agizo la kwanza lilikuwa la bastola 25,000.

Siri yake ilikuwa mwili wa plastiki ngumu na vipande vichache, 30 na kitu. Vipande vichache ni kazi kidogo ya kutengeneza, kosa kidogo, na askari anaweza kuifungua na kuisafisha bila kuchelewa. Huko Marekani, nyuma ya mapigano ya Miami ya tarehe 11 mwezi wa nne 1986, ambamo maajenti wawili wa FBI waliuawa, polisi nyingi ziliacha bastola za zamani za kuzunguka. Glock ilikuja wakati huo na bei nzuri, na mara nyingi ilikubali kuchukua silaha za zamani za polisi kama sehemu ya malipo.

Hapa iko ujuzi wa pili: bei ya chini haimaanishi kila mara kitu kibaya. Kuna bei ya chini inayotoka kwa akili ya fundi, na kuna bei ya chini inayotoka kwa kukata kazi iliyotakiwa kufanywa. Kwa macho, dukani, zote mbili zinafanana.

2017: tofauti ya dola milioni 102

Nyuma ya miaka 30, M9 nayo ikazeeka. Jeshi likaanza tena kutafuta. Karatasi za masharti zilipita kurasa 300, na majaribio yalipangwa kuchukua miaka miwili na dola milioni 17. Mwaka 2016 mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Mark Milley, alikasirika mbele ya watu: kwake, bastola ni kitu kinachojulikana, haistahili mzunguko wote huo.

Mwezi wa kwanza 2017, SIG Sauer ilishinda na bastola yake P320, ambayo jeshi liliita M17 na M18. Mapatano yangeweza kufika dola milioni 580. Glock ilipinga. Ofisi ya bunge inayochunguza matumizi ya serikali ilitoa jibu mwezi wa sita, na hapo raia waliona hesabu: SIG Sauer iliomba dola milioni 169.5, Glock milioni 272.2. Tofauti ni zaidi ya milioni 102.

Malalamiko makubwa ya Glock yalikuwa hivi: jeshi limechagua mbele ya kumaliza sehemu ya pili ya majaribio, ile nzito. Wachunguzi walijibu kama masharti yaliruhusu kuchagua baada ya sehemu ya kwanza. Glock ikashindwa. Ile iliyokuwa ya bei ya chini miaka ya 1980, sasa imepigwa kwa bei.

Mwaka ule ule, mwezi wa nane, ikajulikana kama P320 ya raia inaweza kulia yenyewe ikianguka kwa pembe fulani. Kampuni ilijitolea kubadilisha vipande vya ndani bure. Mwanzo wa 2018, ripoti ya ofisi ya majaribio ya Wizara ya Ulinzi ilisema kama bastola ya jeshi pia ilionyesha kosa hilo katika jaribio la kuangushwa, na kama limerekebishwa kwa kutia vipande vyepesi katika sehemu ya kifyatuo.

Mambo hayajatulia mpaka leo. Polisi na raia wengi wamepeleka kampuni mahakamani wakisema bastola ililia bila kidole kugusa. Mwaka 2024 mahakama ya Georgia iliamua mtu mmoja alipwe dola milioni 2.35, na ya Philadelphia ikaamua mwingine alipwe milioni 11. SIG Sauer inakana, inasema silaha yake ni salama, na kuna mashtaka ingine ambayo ilishinda. Mwezi wa saba 2025 askari mmoja wa jeshi la anga alikufa katika kambi moja ya Wyoming, na M18 zikasimamishwa katika kikosi chake kikubwa. Kiisha zikakaguliwa, zikarudishwa kazini, na askari mwingine akakamatwa juu ya kifo kile. Kwa hiyo tusikimbilie kuhukumu. Lakini swali linabaki: je, zile milioni 102 ziliponyeshwa kweli, ao zinalipwa polepole na wengine?

Jaribio la kuanguka

Bastola inaanguka. Inaanguka wakati askari anakimbia, wakati anashuka gari, wakati anavua mkanda usiku. Ndiyo sababu jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1999: bastola haiuzishwe kama haijaangushwa kwanza juu ya beto kutoka urefu wa metre moja, kwa pande mbalimbali, bila kulia, na kama haijapiga masasi 600.

Bei haisemi kama silaha itapita jaribio hilo. Mwaka 2015 kampuni Taurus ya Brazili, inayojulikana kwa bei ya chini, ilikubali kumaliza kesi ya Marekani juu ya bastola karibu milioni moja zilizoshutumiwa kulia zikianguka; kampuni haikukubali kosa. Miaka miwili nyuma yake, neno lile lile likasemwa juu ya P320, ambayo haihesabiwe kati ya bastola za bei ya chini.

Bei ya juu inalipa nini basi? Inaweza kulipa chuma kigumu zaidi, majaribio mengi zaidi, vipande vinavyopatikana nyuma ya miaka 20, na fundi anayejibu barua. Juu ya hapo, inalipa urembo, jina, na usahihi wa wapiga shabaha wa michezo. Askari wa kawaida hatumii hayo.

Na sisi huku?

Kongo, silaha haziko kitu cha soko kwa raia. Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inasema nani anaweza kuwa na silaha na masasi, na inaomba ruhusa ya serikali. Kwa hiyo ukurasa huu haumshauri mtu kununua. Lakini serikali inanunua, na inanunua kwa makuta ya raia. Mkataba wa Kinshasa juu ya silaha ndogo katika Afrika ya Kati, uliokubaliwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika 2017, unaomba silaha zitiwe alama na ziandikwe katika vitabu. Alama, kitabu, ghala lenye kufuli, mazoezi ya askari: hayo yote ni sehemu ya bei ya bastola, hata kama hayaandikwe kwenye faktire.

Wakati tunasikia kama silaha za polisi ao za jeshi zimenunuliwa, raia, mbunge na mwanahabari wanaweza kuuliza:

– Bei ni ya bastola peke yake, ao pamoja na makasha, vipande na mazoezi?
– Iliangushwa? Nani aliiangusha, na matokeo yako wapi?
– Majaribio yaliisha mbele ya kutia sahihi, ao nyuma?
– Kila moja iko na nambari, na nambari ile imeandikwa wapi?
– Ikiumiza askari ao raia, nani anajibu?

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Mtoto akiokota bastola njiani ao shambani, hata ikiwa na kutu, hata ikionekana tupu, asiishike. Kama tulivyoona, hata ile iliyopimwa na jeshi tajiri ililia ikianguka. Awaachie mahali, aondoshe wenzake, na mtu mzima ajulishe mkubwa wa mtaa.