Usisahau Ubaharia: Mpishi, Mzamiaji na Askari wa Kilindini

Swali la muvi kwanza. Cuba Gooding Jr. ameigiza baharia mweusi wa jeshi la Marekani kwa filamu ngapi kubwa? Wasee wengi watakuambia moja. Ni mbili, na zilifuatana: Men of Honor mwaka wa 2000, halafu Pearl Harbor mwaka wa 2001. Na si ati aliigiza mtu yule yule mara mbili. Ni watu wawili tofauti waliopishana umri kwa miaka 11. Wote walikuwa watoto wa wakulima maskini, na wote waliingia jeshi la wanamaji kupitia mlango wa jikoni. Wote wameshakufa, na mmoja hana hata kaburi.

Leo nataka tuwaongelee vile tungewaongelea kwa mazishi yetu huku. Unajua ile sehemu MC anasema "sasa tutasomewa wasifu wa marehemu". Alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa mwaka gani, alipanda cheo lini. Watu huanza kuangalia simu hapo. Lakini kwa mtu wa kawaida, hiyo dakika kumi ndiyo nafasi pekee maisha yake yatawahi kusomwa kwa sauti. Baharia anayezama na meli hukosa hata hiyo.

Watu wa pwani wana methali: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Kawaida tunamwambia mtu aliyepanda cheo akaanza kuringa. Mimi naona inaifaa historia pia. Historia humkumbuka nahodha haraka sana. Baharia lazima atafutiwe mtu wa kumkumbusha.

Tuanze na mpishi.

Anaitwa Doris Miller. Ndiyo, Doris. Inasimuliwa kwamba mkunga alikuwa ameshaamua mtoto ni msichana, na jina likabaki. Alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1919 huko Waco, Texas, mmoja wa wavulana wanne kwa familia ya wakulima. Alikuwa na mwili mkubwa, akacheza futiboli ya Kimarekani shuleni. Septemba 1939, akiwa anakaribia miaka 20, akajiunga na jeshi la wanamaji.

Sasa elewa hilo jeshi lilikuwa vipi. Kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya 1932 lilikuwa limefunga kabisa mlango kwa vijana weusi. Lilipoufungua tena, liliwapa kazi ya aina moja tu: kuhudumia. Kupika, kutandika meza za maafisa, kuwatandikia vitanda, kung'arisha viatu vyao, kukusanya nguo chafu. Ulikuwa ndani ya manowari yenye mizinga mikubwa lakini hakuna mtu alikufundisha kuishika. Miller alipelekwa kwa manowari ya USS West Virginia Januari 1940. Huko akawa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu wa meli nzima. Ulingoni alikuwa namba moja, lakini mezani alibaki mhudumu.

Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941 alikuwa anakusanya nguo za kufua king'ora kilipolia. Ndege za Japani zilikuwa juu ya Pearl Harbor, Hawaii. Akakimbia mahali pake pa dharura, akakuta pameshaharibiwa na topedo. Akapanda juu, akaanza kubeba majeruhi. Kwa sababu ya nguvu zake akaitwa kumsaidia nahodha, Mervyn Bennion, aliyekuwa amejeruhiwa vibaya na hakupona. Baadaye Miller akashika bunduki ya rashasha ya kutungulia ndege, silaha ambayo hakuwahi kufunzwa, akafyatua hadi risasi zikaisha. Meli ikakaa chini ya bandari. Mabaharia 106 wa West Virginia walikufa.

Watu wengi hujua hadi hapo, kwa sababu muvi inajua hadi hapo. Mimi kinachonikamata ni yaliyofuata.

Nahodha Bennion alipewa nishani ya juu kabisa ya Marekani baada ya kufa. Sawa, alistahili. Lakini mwanzoni mwa Januari 1942 jeshi lilipotoa orodha ya waliofanya vizuri siku ile, Miller hakuwa na jina. Alitajwa tu kama mtu mweusi asiyejulikana. Hebu fikiria. Meli ina rekodi ya kila mtu aliyemo, ina karatasi ya mshahara wake, ina matokeo ya ndondi zake, halafu ati jina halijulikani.

Jina halikujitokeza lenyewe. Magazeti ya Wamarekani weusi, Pittsburgh Courier likiwa mstari wa mbele, pamoja na chama cha kutetea haki cha NAACP, walisumbua na kuuliza na kuandika barua hadi Machi 1942 lilipotoka hadharani. Waziri wa jeshi la wanamaji, Frank Knox, hakutaka kijana huyu apewe nishani kubwa. Presha ikafika kwa Rais Roosevelt. Tarehe 27 Mei 1942, juu ya manowari ya kubeba ndege ya USS Enterprise, Admirali Chester Nimitz mwenyewe alimbandika Miller nishani ya Navy Cross kifuani. Mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Ungedhani baada ya hapo atafundishwa mizinga. Wapi. Serikali ilichapisha bango lenye uso wake kuhamasisha watu weusi waunge mkono vita. Wakamzungusha miji tofauti kusaidia kuuza dhamana za vita. Halafu wakamrudisha baharini, jikoni. Cheo chake cha mwisho, alichopata Juni 1943, kilikuwa cha mpishi wa daraja la tatu. Uso uko kwa bango, mikono bado iko kwa sufuria.

Tarehe 24 Novemba 1943, karibu na visiwa vya Gilbert kwenye Pasifiki, nyambizi ya Japani iliipiga meli yake mpya, USS Liscome Bay. Topedo moja ililipua ghala la mabomu. Meli ilizama kwa dakika 23. Watu 644 walikufa, Miller akiwemo, akiwa na miaka 24. Mwili haukupatikana. Wazazi wake waliarifiwa kwamba amepotea tarehe 7 Desemba 1943. Rudi juu uangalie hiyo tarehe: ni miaka miwili kamili tangu Pearl Harbor.

Januari 2020 jeshi la wanamaji la Marekani lilitangaza kwamba manowari mpya ya kubeba ndege, namba CVN-81, itaitwa kwa jina lake. Meli za aina hiyo zilikuwa zikipewa majina ya marais na vigogo. Yeye alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo, na wa kwanza asiyekuwa afisa. Mpishi, manze. Ilichukua zaidi ya miaka 75, na ingechukua milele kama mwaka ule wa 1942 wale waandishi wangesema "wacha tu, iko siku watatuambia".

Wa pili ni Carl Brashear, na yeye ni hadithi ya aina nyingine kwa sababu aliishi muda wa kutosha kuisimulia mwenyewe.

Alizaliwa Januari 1931 huko Kentucky, kwa familia iliyolima shamba la watu wengine kwa kugawana mavuno. Aliacha shule akiwa bado mdogo ili asaidie shambani. (Mimi niliyeacha chuo hiyo sentensi naisoma polepole.) Alijiunga na jeshi la wanamaji Februari 1948, miezi michache kabla ya Rais Truman kutia sahihi amri ya kumaliza ubaguzi jeshini, Julai mwaka huo. Amri ilitiwa sahihi Washington, lakini Brashear bado alikuwa anahudumia maafisa mezani.

Yeye alitaka kuzamia. Aliomba nafasi ya shule ya uzamiaji tena na tena hadi wakachoka. Alipofika, alikuta karatasi za vitisho kitandani pake, za kumwambia atazamishwa. Alimaliza kozi mwaka wa 1954, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu pale.

Halafu ikaja 1966. Januari mwaka huo ndege mbili za jeshi la Marekani ziligongana hewani karibu na Palomares, Uhispania, na bomu moja la nyuklia likaanguka baharini. Brashear alikuwa kwa kikosi cha kulitafuta. Mwezi Machi, kwenye meli ya USS Hoist, kamba ilikatika, bomba la chuma likaruka na kuuvunja mguu wake wa kushoto. Mwishowe madaktari waliukata chini ya goti.

Hapo kazi ya mtu yeyote ingekuwa imeisha. Jeshi lilikuwa tayari kumpa karatasi za kustaafu. Akakataa. Alifanya mazoezi na mguu wa bandia, akajipiga picha akizamia ili awe na ushahidi, akajipeleka kwa majaribio. Mwaka wa 1968 alirudishwa rasmi kwa uzamiaji, mtu wa kwanza aliyekatwa mguu kufanya hivyo kwa jeshi lile. Mwaka wa 1970 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia daraja la mzamiaji mkuu. Alistaafu 1979, akafariki tarehe 25 Julai 2006, akiwa na miaka 75.

Kabla ya kufa alikaa chini na wanahistoria akarekodiwa kwa urefu, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana hata muvi ikiongeza chumvi (yule mkufunzi wa Robert De Niro ni wa kutungwa) tunaweza kurudi kwa maneno yake mwenyewe. Miller hakuwahi kupata hiyo nafasi. Kumhusu yeye tunategemea karatasi za watu waliokuwa tayari kumwita asiyejulikana.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu nyambizi za Japani hazikuwa Pasifiki peke yake. Miezi miwili na nusu baada ya Miller kuzama, nyingine ilikuwa inangoja huku kwetu, Bahari Hindi.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za wanajeshi ulitoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani kulikuwa na watu 1,511. Wapatao 996 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Kulikuwa pia na mabaharia wa Uingereza na wauguzi wa kike. Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi I-27 iliipiga kwa topedo mbili. Titanic, ambayo kila mtoto anaijua, ilichukua zaidi ya saa mbili na nusu kuzama. Khedive Ismail haikumaliza dakika mbili.

Yaliyofuata ni mazito. Nyambizi ilijificha chini, na juu yake walikuwa wanaogelea walionusurika. Manowari ya Uingereza, HMS Petard, ilikuwa na meli nyingine nne za kulinda. Ikaangusha mabomu ya majini pale pale, miongoni mwa watu wake. Nyambizi ililazimika kuibuka na mwishowe ikazamishwa. Kwa jumla watu 1,297 wa Khedive Ismail walikufa. Wengi wao walikuwa askari waliopandia meli pale ambapo wewe hupitia ukienda feri ya Likoni.

Hao walikuwa wanajeshi wa nchi kavu, si wanamaji, najua. Lakini bahari haikuuliza. Iliwafanyia kile ilichomfanyia Miller: hakuna mwili, hakuna kaburi, na familia nyumbani inabaki ikingoja.

Wanakumbukwa Nairobi, kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita, kando ya Ngong Road. Pengine umepita hapo na matatu mara mia. Kuna majina yamechongwa. Lakini jina ni mwanzo tu wa wasifu. Halikuambii kama jamaa alikuwa anapenda ngoma, kama alikuwa ameshalipa mahari, kama alijua kuogelea.

Ndiyo sababu nimeandika hii. Miller alipata jina kwa sababu watu walilidai wakati bado kulikuwa na mashahidi wa kuulizwa. Brashear alibaki na sauti kwa sababu mtu aliwasha kinasa sauti kabla hajafa. Kwa askari wa Kilindini hatukufanya hata kimoja vya kutosha, na waliowajua karibu wote wameshaenda.

Lakini kuna walio hai sasa. Wazee waliokuwa kwa jeshi letu la wanamaji tangu lianzishwe Desemba 1964. Waliofanya kazi kwa meli za mizigo miaka nenda rudi. Fundi wa injini, mpishi wa meli, mtu wa kamba. Kama kwenu kuna mzee kama huyo, babu, guka, kwaru au jirani tu, usingoje kumsikia kwa mara ya kwanza MC akimsoma. Simu yako iko na rekoda. Muulize meli yake ya kwanza iliitwaje, alikuwa analala wapi, nani alikuwa rafiki yake, na ni nani hakurudi. Andika majina vizuri, herufi kwa herufi.

Kisha uniletee moja hapo chini kwa komenti. Jina, kazi yake, meli yake. Nitaanza kuyasoma wiki ijayo.