Historia ya Neno Kuu katika Utafutaji wa Maandishi

Mwanafunzi anayetafuta makala katika hifadhidata ya maktaba huandika neno moja au mawili, kisha hungoja jawabu. Maneno hayo ndiyo tunayoyaita hapa maneno makuu. Tunakusudia kueleza asili ya njia hiyo, na kuonyesha jinsi umbo la Kiswahili linavyomdai mtafutaji uangalifu wa namna yake.

Msingi wa kimantiki uliwekwa na George Boole, aliyekuwa akisomesha hisabati mjini Cork, Ireland, katika kitabu chake cha mwaka 1854. Kutokana na mantiki hiyo tumepata maneno matatu ya kuunganishia: NA, AU, SIYO. Hapa mfasiri hana budi kujihadhari. Katika mazungumzo, mtu aombaye vitabu vya ushairi na tamthilia hutaka vya aina zote mbili. Mashine ikiambiwa NA, humletea vile tu vyenye maneno yote mawili pamoja. Kumbe alichohitaji ni AU.

Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, alionyesha faharasa iliyotungwa kwa mashine. Kila neno zito la anwani ya makala lilipangwa kwa alfabeti, likizungukwa na maneno ya jirani yake. Maneno mepesi, kama vile viunganishi, yaliachwa. Jarida la Chemical Titles lilitumia njia hiyo tangu 1961 kuorodhesha makala za kemia.

Baadaye ilienea desturi ya kukata mwisho wa neno na kutia kinyota. Kwa Kiingereza, "teach*" huleta jina la kazi na la mtendaji pia. Lakini Kiswahili hubadilika mwanzo na mwisho. "Fundish*" huleta fundisha na fundishwa, na kuyaacha ufundishaji, mafundisho na wanafundisha. Watunga kamusi waliijua taabu hii zamani: kamusi ya Kiswahili-Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson mwaka 1939 iliyaweka majina mengi chini ya vitenzi yalikotoka. Basi penye hifadhidata isiyoujua mnyambuliko wetu, mwanafunzi na aandike kila umbo: ufundishaji AU mafundisho AU kufundisha. Vivyo hivyo kitabu AU vitabu.

Lililo zito zaidi ni wingi wa istilahi. Chombo kimoja kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Hata hifadhidata yenyewe huitwa pia kanzidata. Atafutaye kwa jina moja hupitwa na yaliyoandikwa kwa jina jingine, akadhani kwamba Kiswahili hakina maandishi juu ya jambo hilo. Kwa hiyo tunawasihi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watumie istilahi zilizosanifiwa. Na penye visawe, wavitaje japo mara moja katika ikisiri. Istilahi iliyoteuliwa ovyo huificha kazi njema isionekane na wale walioandikiwa.