Gazeti Lililogeuzwa Daftari

Maji ya ufuko wa Kashikishi, Zambia, hayakai ziwani. Hutoka Ziwa Mweru upande wa Pweto, yakawa Mto Luvua, kisha yakaungana na Lualaba na kwenda kaskazini hadi Nyangwe, mashariki mwa Kongo. Mvumbuzi David Livingstone aliyafuatilia maji hayo akiamini kwamba ndiyo Naili. Alikosea. Hata hivyo, huko Nyangwe ndiko ilikozaliwa moja ya hati za ajabu zaidi kuwahi kuandikwa katika Afrika ya Kati: shajara iliyoandikwa juu ya gazeti la London.

Aliliona Ziwa Mweru Novemba 8, 1867. Akashuka kwa upande wa mashariki, akavuka Mto Kalungwishi na kuendelea kusini hadi kwa mtawala Mwata Kazembe, njia inayopita katika Wilaya ya Nchelenge ya leo. Wakati huo karatasi ilikuwa bado ipo. Alikuwa na vijitabu vya mfukoni, akinukuu humo mambo ya kila siku, kisha akipata mapumziko anayahamishia kwa utulivu katika kitabu kikubwa.

Mambo yalibadilika alipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1869. Bidhaa alizotumiwa Ujiji zilikuwa zimeporwa, na huko Bambarre, ambako leo ni Kabambare, vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi mingi. Vijitabu vikaisha, wino nao ukaisha. Basi akaanza kuandika juu ya kila kilichokuwa na nafasi, hata kurasa zilizokwisha kuchapishwa. Mahali pa wino akatumia zingefuri, ile rangi nyekundu ya mbegu ambayo wageni wanaotembezwa katika mashamba ya viungo Unguja hupakwa mdomoni.

Mwaka 1871, shajara yake ikahamia kwenye nakala ya gazeti la *The Standard* la Novemba 24, 1869. Aliligeuza upande, akapitisha mistari yake kukata safu za maandishi ya chapa. Habari za London zikabaki chini, za Manyema, eneo la Nyangwe, zikakaa juu.

Leo kazi ya namna hiyo ingetundikwa ukutani. Wapo wasanii wanaochukua kitabu cha zamani, wakakikata, wakakipaka rangi na kukiandika upya juu ya maneno ya mwandishi wake. Anayejulikana zaidi ni Mwingereza Tom Phillips: mwaka 1966 alinunua riwaya iliyosahaulika ya W. H. Mallock kwa peni tatu, akaipaka na kuichora ukurasa kwa ukurasa kwa miaka hamsini, akabakiza maneno machache tu yaliyosimulia hadithi nyingine kabisa. Toleo la mwisho la kazi hiyo, *A Humument*, lilitoka mwaka 2016. Phillips alichagua. Livingstone alilazimika, na pengine ndiyo maana ukurasa wake una uzito zaidi.

Livingstone alikuwa na jambo zito la kuandika. Julai 15, 1871, soko la Nyangwe lilikuwa limejaa watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Watu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wakafyatua risasi katikati ya umati. Waliopona risasi wakakimbilia mitumbwi, na mamia wakafa maji katika Lualaba. Habari za mauaji hayo zilipofika Uingereza ziliwakasirisha wengi na kuongeza shinikizo dhidi ya biashara ya utumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Lakini kilichosomwa Uingereza kilikuwa kimepita mikono kadhaa. Livingstone mwenyewe alikuwa amekinakili upya kwenye kitabu chake kikubwa, ambacho mwandishi wa habari Henry Stanley alikibeba hadi Uingereza mwaka 1872. Mwaka 1874, Horace Waller, rafiki ya Livingstone, alihariri na kuchapisha shajara za mwisho za Livingstone. Karatasi za gazeti zenyewe zilichakaa. Zingefuri ikafifia, gazeti likawa la kahawia, na wino wa chapa ukazidi nguvu maandishi ya mkono.

Kazi ya kuyafufua iliongozwa na mtafiti Adrian Wisnicki. Mwaka 2010 timu yake ilianza na barua ya Livingstone iliyotoka Bambarre, na mwaka uliofuata ikatoa shajara ya Nyangwe. Kurasa zilizohifadhiwa Blantyre, Scotland, zilipigwa picha chini ya mianga ya aina nyingi, kuanzia urujuanimno hadi infraredi. Siri ilikuwa katika wino: ule wa chapa hubaki mweusi katika infraredi, ilhali zingefuri hutoweka. Kompyuta ikilinganisha picha hizo, inaweza kuliondoa gazeti na kumwachia msomaji mkono wa Livingstone peke yake.

Yaliyosomeka hayalingani kila mahali na yale yaliyochapishwa. Wisnicki alionyesha kwamba katika gazeti, Livingstone aliandika kwa ukali na wasiwasi kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe, hata kuibua swali iwapo baadhi yao walihusika katika vurugu za Nyangwe. Katika kitabu alichonakili baadaye, sehemu hizo zimelainishwa.