Barua iliyofika bila karatasi: namna Italia ilivyoipa barua pepe nguvu ya sheria

Mkaaji wa Goma, Bukavu ama Uvira anayepeleka barua kwenye ofisi ya serikali hubeba nakala mbili. Moja inabaki kwa sekretari. Ya pili inapigwa muhuri, inaandikwa tarehe, na mwenyewe anarudi nayo nyumbani. Siku ofisi ikisema haikupokea kitu, anaitoa na kuionyesha. Aliyeipoteza njiani wakati wa kukimbia vita hana tena cha kuonyesha.

Swali la nani atathibitisha kwamba barua imefika limesumbua nchi nyingi. Huko Italia, kwa miaka mingi, jibu lilikuwa barua ya posta iitwayo raccomandata. Mpokeaji alitia sahihi kwenye kikaratasi, kikaratasi kikarudishwa kwa mtumaji, naye akakitunza. Barua pepe ilipoingia, ilikuwa ya haraka na ya bei ndogo, lakini ilikosa kikaratasi hicho. Aliyetumiwa aliweza kukana tu, na hakimu hakuwa na la kushika.

Hatua ya kwanza ilikuwa sheria nambari 59 ya tarehe 15 Machi 1997. Ilisema kwamba hati zilizotengenezwa na kutumwa kwa kompyuta, ziwe za serikali ama za watu binafsi, zina thamani mbele ya sheria. Mlango ulifunguliwa, lakini shahidi bado alikosekana.

Shahidi huyo alipatikana tarehe 11 Februari 2005, kwa amri ya rais wa jamhuri nambari 68. Amri hiyo ilipanga kanuni za posta ya kielektroniki iliyothibitishwa, ambayo Waitalia huiita PEC. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mtumaji na mpokeaji kila mmoja ana sanduku kwa kampuni iliyokubaliwa na serikali. Ujumbe ukitoka, kampuni ya mtumaji inampa risiti ya kwanza: tumepokea, siku fulani, saa fulani. Kisha inaufunga ujumbe ndani ya bahasha ya kielektroniki yenye sahihi yake, ili ukiguswa njiani ijulikane. Ukiingia katika sanduku la mpokeaji, kampuni ya mpokeaji inarudisha risiti ya pili: umefika. Kumbukumbu za safari hiyo zinatunzwa miezi 30, hata mtu akipoteza risiti zake aweze kuziomba.

Mwanzoni kutumia PEC ilikuwa hiari. Mwishoni mwa 2008 serikali ilitoa amri nambari 185, nayo ikawa lazima. Kampuni mpya zilitakiwa kuwa na anwani ya PEC tangu siku ya kuandikishwa, na zile za zamani zilipewa miaka mitatu. Mawakili, wahasibu na watu wengine wa kazi za namna hiyo walipewa mwaka mmoja. Ofisi za serikali nazo zilitakiwa kuwa na anwani. Mwaka 2012 ikaamuliwa kuunda daftari moja la taifa la anwani hizo, ili anayetafuta kampuni asihitaji kugonga mlango wake. Mwaka 2014 mawakili walianza kulazimishwa kupeleka hati za kesi za madai mahakamani kwa njia ya kielektroniki.

Hapo ndipo ubaya wake ulipoonekana. Risiti ya pili inasema ujumbe umeingia sandukuni. Haisemi kwamba umesomwa. Mbele ya sheria, hesabu ya siku inaanza ujumbe ukiingia, hata kama mwenye sanduku amelala, ni mgonjwa, ama hakuna mtandao kwake. Mzigo wa kuthibitisha ulitoka kwa mtumaji, na mzigo wa kufungua sanduku kila siku ukamwangukia mpokeaji. Mwaka 2019 mahakama ya katiba ya Italia ililazimika kukata shauri kuhusu saa: ujumbe uliotumwa kati ya saa tatu na saa sita za usiku unahesabiwa kwa mtumaji kuwa wa siku ileile, hata kama kwa mpokeaji unahesabiwa wa kesho asubuhi. Kwa mtu aliyebaki na siku ya mwisho ya kukata rufaa, saa hizo tatu ni kesi nzima.

Denmark iliona hatari hiyo mapema. Ililazimisha kampuni kupokea barua za serikali kwa njia ya kielektroniki tangu tarehe 1 Novemba 2013, na raia wenye miaka 15 na zaidi tangu tarehe 1 Novemba 2014. Lakini sheria yake iliacha mlango wazi: mwenye ulemavu unaomzuia, ama asiye na kompyuta karibu, anaweza kuomba aendelee kupata karatasi. Mwaka huo wa 2014 Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni nambari 910 inayotambua barua rasmi za kielektroniki, na ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2016.

Kongo nayo imeingia katika njia hiyo. Sheria ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inatambua maandishi na sahihi za kielektroniki. Kwa familia iliyoacha nyumba na makaratasi yake, anwani isiyofungwa kwenye kiwanja ingekuwa faida kubwa: barua ya mahakama ama ya ofisi ya ardhi ingeifuata hadi kambini. Lakini barua hiyohiyo inaweza kuanza kuhesabu siku wakati simu imeisha moto na kambi haina umeme. Kwa wakimbizi wa ndani, jambo la kuangalia ni kama sheria itawaachia, kama ile ya Denmark, haki ya kuomba karatasi.