Dunia Isiyokungoja

Nimekulia Mabatini, Mwanza, enzi za vibanda vya gemu. Final Fantasy VII ya 1997 ilikuwa mali yako ukiwa na memori kadi: unasevu, unaenda shule, ukirudi jioni adui yuko palepale anakungoja. Umeme ukikatika, hasara ni yako peke yako.

Kumbe mwaka huohuo, kule Marekani, Richard Garriott alikuwa anaivunja desturi hiyo. Tangu 1981 alikuwa akitoa Ultima, gemu za mchezaji mmoja, ambamo yeye mwenyewe ndiye mfalme, Lord British. Septemba 1997 ikaja Ultima Online, maelfu ya watu ndani ya dunia moja. Mwezi mmoja kabla, kwenye majaribio, mchezaji alimtupia mfalme moto wa kichawi, akafa mbele ya umati. Mtunzi kauawa ndani ya hadithi yake!

Mimi somo hilo nililipata kwenye RuneScape, gemu la 2001, katika intaneti kafe ya kulipia kwa saa. Nilijiona shujaa, ila mle kila mtu ni shujaa. Siku moja muda wangu uliisha tukiwa katikati ya vita. Kesho yake mwenzangu, nisiyemjua hata sura, akaniandikia: mbona uliniacha?

Sikuwa na jibu. Memori kadi haijawahi kuniuliza hivyo. Tangu siku ile, kabla ya kuingia vitani na mtu, nilikuwa nahesabu kwanza dakika zilizobaki.